Majani ya milima: picha za zamani zinaweza kutusaidia

Wachimbaji wanajua kusoma udongo: rangi ya jiwe inawaambia kama chini kuko shaba ao hapana. Majani ya milima nayo inasomwa, lakini kutoka juu, na satelite.

Tangu 1972 satelite za Marekani zinazoitwa Landsat zinapiga picha za dunia. Landsat 5, iliyotumwa juu 1984, ilionyesha vipande vya metre 30 kwa 30. Mu 2008 Marekani ilifungua sanduku la picha hizo: mwenye intaneti anazichukua bure. Tangu 2015 Ulaya nayo inatoa picha za Sentinel-2, za metre 10. Kwa nyanda zetu za juu, Kundelungu, Biano na Kibara, fasi kwenye majani ni mengi na miti ni kidogo, hiyo ni hazina.

Kazi inaendeshwa namna hii. Jani lenye afya linameza mwangaza mwekundu, na linarudisha mwangaza mwingine wenye jicho letu halioni. Tunachukua huo wa pili, tunatosha mwekundu, tunagawanya na jumla ya yote mbili. Tuseme wa pili ni 40, mwekundu 10: 30 gawanya na 50 njo 0,6. Majani iko na nguvu. Kama ni 25 na 20, tunapata 0,11: majani imekauka. Hesabu hiyo, mwaka kwa mwaka, inaonyesha kama mlima unalisha ngombe sawa zamani, ao unachoka.

Lakini tulinganishe mwezi na mwezi uleule. Picha ya mwezi wa tatu, wakati wa mvua, na ya mwezi wa nane, wakati wa moto, haziwezi kulinganishwa. Mawingu yanaficha, kivuli cha mlima kinadanganya. Tena kila kijani si chakula: kichaka chenye ngombe haikule kinaonekana kijani vilevile. Kwa hiyo lazima watu wapande mlima, wakate majani mu kipimo cha metre 1 kwa 1, wayakaushe, wayapime.

Inatuhusu nini, sisi watu wa mine? Code minier ya 2002, iliyogeuzwa 2018, inadai kampani itengeneze tena fasi ilipochimba. Itengeneze sawa na nini? Kijiji kitasema hapa palikuwa majani mazuri. Kampani itasema palikuwa pakavu tangu zamani. Picha ya mbele ya shimo la kwanza haiko upande wa mtu. Itaonyesha hata moto wenye tunawasha sisi wenyewe kila kipwa.

Wazazi wenye watoto kwenye université, waombeni watafute picha za mlima wenu. Wafanye mbele ya mkutano na kampani, si kiisha mkutano.