Je, wajua faili tupu nalo lina heshi?

Ukipakua kifurushi cha programu, ukapima heshi yake ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo), ikaanza na e3b0c442, usihangaike kukifungua. Hujapakua kitu. Hiyo ni heshi ya faili lenye baiti sifuri, na ni hiyohiyo kwenye kompyuta yoyote duniani.

Jina la faili hubadilishwa na yeyote. Heshi hutoka kwenye yaliyomo. SHA-256 huanza na namba nane zilizochukuliwa kwenye desimali za vipeuo vya pili vya namba tasa 2 hadi 19. Kwa nini hizo? Walioibuni ni NSA, majasusi wa Marekani, na nani angewaamini na namba walizojichagulia gizani? Hizi hata mwanafunzi anaweza kuzikokotoa upya. Kisha faili hukatwa vipande vya biti 512, kila kipande huvurugwa mizunguko 64, na matokeo yake huingia katika uvurugaji wa kinachofuata. Liwe faili la baiti kumi au gigabaiti nne, heshi hubaki herufi na tarakimu 64. Geuza biti moja tu ndani yake, na karibu nusu ya biti za jibu hugeuka pia.

Kinachoniudhi ni wanaodhani heshi ikilingana basi programu ni salama. Heshi husema tu kwamba kitu ni kilekile. Mwaka 2024 vifurushi vya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, vililingana na heshi zake bila kasoro. Sumu ilitiwa na mmoja wa wasimamizi wake kabla ya kuvitoa. Tena, aliyevamia tovuti akabadili faili anaweza kubadili na heshi iliyobandikwa pembeni. Ndiyo maana Debian, mfumo wa Linux, hutia saini ya kidijitali kwenye orodha yake ya heshi. Na MD5, heshi ya zamani, iachwe: ilivunjwa tangu 2004, lakini tovuti bado zinaibandika.

Huku kwetu programu hupita kwenye fleshi na Bluetooth bila yeyote kupima, na bando la wiki huishia kwenye faili lililokatika njiani. Amri ya kupima imo tayari kwenye kompyuta: sha256sum kwenye Linux, certutil kwenye Windows.

Kazi nyingine za heshi: kufuta nakala zilizojirudia, kuuliza VirusTotal kama faili lina kirusi bila kulipakia lenyewe, kutambua matoleo ya msimbo katika Git na vifurushi katika Nix, kuonyesha kwamba ushahidi wa mahakamani haujaguswa.