Mpangaji Mkuu Akifunga Duka

Nakumatt ilipoanza kuyumba mwaka 2017, Wakenya wengi waliwazungumzia wauzaji waliopeleka bidhaa na kuzungushwa malipo, na wafanyakazi waliokuwa wakisubiri mishahara. Kundi la tatu halikusemwa sana: wenye majengo. Kampuni hiyo, iliyoanzia kwenye biashara ya magodoro Nakuru hadi kufikisha matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ndiyo iliyokuwa mpangaji mkuu wa moli nyingi za ukanda huu. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu. Miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni yanayozidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Kati ya tarehe hizo mbili, moli moja baada ya nyingine ilibaki na ukumbi mtupu mahali ambapo mchoraji wa ramani alikuwa ameweka roho ya biashara nzima.

Kazi yangu ni uthamini wa milki, na swali ninaloulizwa mara nyingi uchumi unapobana ni hili: kwa nini moli iliyojaa watu mwaka juzi leo inapigwa mnada? Jibu la haraka ni kwamba watu hawana pesa. Ni kweli, lakini halitoshi. Jirani yake barabara hiyo hiyo, mwenye wateja wale wale, anaendelea kukusanya kodi. Tofauti yao ilikuwepo kabla ya mdororo, kwenye mkataba wa pango na mkataba wa benki.

Tuanze na pango. Mpangaji mkuu, kwa kawaida supamaketi, halipi kodi kama wengine. Analipa kidogo sana kwa kila mita ya mraba, na mara nyingi mwenye jengo humgharimia hata sehemu ya matengenezo ya ndani ili akubali kuingia. Kazi yake ni kuleta watu. Mama anayekuja kununua unga na mafuta ya kula atapita mbele ya duka la viatu, duka la dawa, wakala wa benki na mgahawa. Hao wadogo ndio wanaolipa kodi kubwa, na wanailipa kwa sababu ya yule mama.

Chukua moli ya kubuni yenye mita za mraba 20,000 za kupangisha. Supamaketi imechukua 6,000 kwa dola 6 kila mita kwa mwezi, yaani dola 36,000. Maduka madogo yamechukua 14,000 zilizobaki kwa dola 20, yaani dola 280,000. Jumla ni dola 316,000. Ukitoa gharama za mwenye jengo, tuseme dola 30,000, zinabaki 286,000. Rejesho la mkopo ni dola 220,000. Benki inaridhika, kwa kuwa kuna ziada ya asilimia 30 juu ya rejesho, na kwenye karatasi mradi unapendeza.

Sasa supamaketi inafunga. Kwa hesabu ya haraka umepoteza dola 36,000 tu, kama asilimia 11 ya mapato, na bado rejesho linalipika. Lakini miezi michache baadaye watu wamepungua kwenye korido. Fremu moja kati ya kila tano imefungwa, na waliobaki wanakuja ofisini kwako na barua ya kuomba punguzo la asilimia 15. Wengine hawaombi, wanadai, kwa sababu wakili wao aliweka kifungu kinachoruhusu kodi ishuke mpangaji mkuu akiondoka. Ukikubali, mapato yote yanakuwa dola 190,400. Toa gharama, zinabaki 160,400. Rejesho la benki liko pale pale, 220,000. Kila mwezi unahitaji karibu dola 60,000 kutoka mfukoni. Na gharama za walinzi, lifti, jenereta na usafi wa korido, ambazo wapangaji walikuwa wakichangia, za zile fremu tupu zinakurudia wewe. Aliyekuwa akileta asilimia 11 ya kodi ameondoka na asilimia 40 ya mapato.

Hiyo ndiyo hesabu iliyowakuta wenye moli wengi Nairobi, na iliwakuta wakati mbaya. Garden City ilifunguliwa 2015, The Hub Karen 2016, Two Rivers Februari 2017. Nafasi nyingi za biashara ziliingia sokoni kwa pamoja. Septemba 2016 sheria ya kuweka ukomo wa riba ilianza kazi, benki zikaona ni salama zaidi kuikopesha serikali kuliko mfanyabiashara, na mwenye duka la nguo aliyetegemea mkopo wa kuongeza mzigo akaukosa. Ukomo huo uliondolewa Novemba 2019, miezi minne tu kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 kutangazwa Kenya.

Walionusurika ni waliochukua hatua mapema. Thika Road Mall haikungoja mahakama imalize mambo ya Nakumatt. Iliitoa mwaka 2017 na supamaketi ya Carrefour ikaingia. Wengine walikaa na mpangaji asiyelipa na asiyekuwa na bidhaa kwenye rafu, wakitumaini mwekezaji angejitokeza kumwokoa. Rafu tupu zinafukuza wateja zaidi kuliko mlango uliofungwa. Mlango uliofungwa unaweza kubandikwa tangazo kwamba duka jipya linakuja.

Hata hivyo, kumpata mwingine mkubwa hakumalizi tatizo kama jengo lote bado linamtegemea mmoja. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka lake la kwanza Kenya Desemba 2018, ikichukua nafasi zilizoachwa na Nakumatt, na mwaka 2020 ikatangaza kuondoka. Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, nayo ikaanguka kipindi hicho hicho. Dar es Salaam tumeyaona pia. Uchumi, supamaketi ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Pale Mlimani City, iliyojengwa na kampuni ya Turnstar ya Botswana kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufunguliwa 2006, Shoprite iliiachia Nakumatt, Nakumatt ikafunga, na duka kubwa la Game likaondoka 2022. Moli bado inafanya kazi. Ina ukumbi wa mikutano, ofisi, benki na sinema, na iko kando ya barabara ambayo watu wanaipita kila siku, wawe na kitu cha kununua au wasiwe nacho.

Mkopo ndio upande wa pili, na hapa mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani. General Growth Properties ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za moli nchini humo. Aprili 2009 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi ikiwa na madeni ya takribani dola bilioni 27. Moli zake nyingi zilikuwa na wapangaji na zinalipwa kodi. Kilichoiangusha ni tarehe: mikopo yake ilifika siku ya kulipwa yote kwa mkupuo wakati benki zimefunga milango, na hapakuwa na wa kuikopesha ili ilipe deni la zamani. Mwaka uliofuata ilitoka mahakamani kwa kusogeza mbele tarehe hizo. Jengo la miaka 50 lilikuwa limekopewa pesa ya miaka michache.

Kwetu kuna mtego mwingine juu ya huo, nao ni dola. Mwendelezaji anakopa kwa dola kwa sababu riba yake ni ndogo, anaandika kodi kwa dola, na mpangaji anauza viatu kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilikaribia 160. Mpangaji ambaye mauzo yake hayajapanda hata senti alijikuta kodi imepanda kwa zaidi ya asilimia 40 bila barua yoyote. Nimesoma mikataba ambayo mwenye jengo anaamini dola inamlinda. Inamlinda hadi siku mpangaji anaporudisha funguo. Tanzania, kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye mkopo wa dola na kodi za shilingi sasa anabeba tofauti hiyo mwenyewe. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki, kwa sababu hatari ya sarafu inapaswa kubebwa na aliyechagua kukopa kwa sarafu hiyo.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani hupenda kusema kwamba wakati wa mdororo ndio wakati wa kujenga, kwa kuwa wakandarasi wana njaa na bei za vifaa zimeshuka. Wana hoja. Westfield ya London ilifunguliwa Oktoba 2008, wiki chache baada ya kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers, na ikasimama imara, kwa kuwa anayejenga leo anaujengea uchumi wa miaka kadhaa ijayo. Lakini ushauri huo ukiuleta Dar au Nairobi bila kuupima utaumia. Hapa uchumi unapobana, mara nyingi shilingi nayo inashuka, na lifti, vioo, aluminiamu, viyoyozi na sehemu kubwa ya vyuma tunaagiza nje. Fundi atashusha bei ya kazi yake, ila kontena bandarini halishuki.

Ndipo watu wanapokimbilia majengo ya matumizi mchanganyiko: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kuishi juu, labda na hoteli. Wazo ni zuri. Biashara ya ofisi ikilala, nyumba zinauzika. Nyumba zikiuzwa kabla ya kujengwa, malipo ya awali yanapunguza mkopo. Wakazi wa juu ni wateja wa duka la chini, na maegesho yanayotumiwa na wafanyakazi mchana yanatumiwa na wakazi usiku.

Lakini mchanganyiko unakinga pale tu vyanzo vya pesa vinapotofautiana. Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, ofisi za katikati ya Dar es Salaam zilianza kupoteza mpangaji wao mkubwa kuliko wote. Migahawa iliyowalisha wafanyakazi wale mchana ilipoteza wateja, na nyumba walizopanga maofisa jirani na hapo zikaachwa. Ofisi, chakula na nyumba vilitegemea mwajiri mmoja. Hatari nyingine ni kukwama njiani: Morocco Square ya Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania, yenye maduka, ofisi, hoteli na nyumba, ilisimama kwa miaka kadhaa kabla ya ujenzi kuendelea. Mradi wa namna hiyo una ugumu wake: msingi, maegesho ya chini, umeme na mifumo ya maji vya majengo yote hulipiwa mwanzoni, wakati hakuna hata mita moja iliyoanza kuingiza kodi. Ukikwama katikati, huwezi kufungua nusu yake.

Kwa hiyo ninapoletewa ramani kipindi kama hiki, naangalia kwanza kama awamu ya kwanza inaweza kuishi peke yake awamu ya pili isipokuja kamwe. Baada ya hapo naangalia kama matumizi yanaweza kubadilishwa. Two Rivers walikuwa na ofisi kando ya moli, na baadaye wakazigeuza kuwa eneo maalumu la kiuchumi kwa kampuni zinazouza huduma nje ya nchi, zinazopata mapato kwa dola kutoka kwa wateja wasioguswa na hali ya mfuko wa Mkenya. Huo ni mchanganyiko wa kweli.

Kariakoo ya Dar es Salaam nako kuna somo, ingawa wasomi wa milki hawapendi kulitaja. Jengo la ghorofa tano pale linaweza kuwa na mamia ya wapangaji. Fremu ni ndogo, nyingine hazizidi upana wa meza mbili. Mpangaji analipa kilemba kuingia na kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na akishindwa, dalali ana majina ya watu wanaosubiri. Hakuna mpangaji mkuu wa kuliangusha jengo. Hata biashara ikidorora, kodi inapungua kidogo kidogo, nawe unapata muda wa kufikiri. Simaanishi kila moli igeuzwe Kariakoo. Kilemba kinammaliza mfanyabiashara mdogo kabla hajauza kitu, na uchu wa fremu unaua: kuchimba chini ya ghorofa lililosimama ili kupata vyumba zaidi ni jambo ambalo mhandisi mwaminifu hawezi kuliwekea saini. Ila ule ukumbi wa mita 6,000 ulioachwa na supamaketi unaweza kukatwa: supamaketi ndogo ya mita 2,000, kliniki, ofisi ya huduma za serikali, na fremu ndogo 60 za watu wanaouza kila siku. Mwendelezaji mwenye busara huchora tangu mwanzo mahali ambapo kuta hizo zitapita, pamoja na mabomba na nyaya zake.

Nasisitiza haya kwa sababu pesa inayojenga moli zetu si ya matajiri peke yao. Rock City Mall ya Mwanza ilijengwa kwa ubia wa halmashauri ya jiji na mfuko wa pensheni wa LAPF, ambao mwaka 2018 uliunganishwa na mingine kuunda mfuko mmoja wa PSSSF. Akiba ya mwalimu na muuguzi imo ndani ya kuta zile. Wajumbe wa bodi za mifuko hii waombe kuonyeshwa hesabu ya jengo likiwa halina mpangaji mkuu na shilingi ikiwa imeshuka, kabla ya kupitisha hata msingi.

Na wewe unayetaka kununua nyumba ghorofani kwenye mradi wenye maduka chini, dai kuona mambo mawili kabla ya malipo ya awali. La kwanza ni namna utakavyopata hati yako ya sehemu ya jengo, kwa sheria ya hati hizo ya mwaka 2008 kama uko Tanzania au ya mwaka 2020 kama uko Kenya. La pili ni maandishi yanayosema nani atalipa gharama za lifti, ulinzi na jenereta za fremu zitakazokuwa tupu. Kama muuzaji hana jibu la maandishi, usilipe.