Mwanangu Aombe Lini Kusomea Udaktari?

Siku moja ya mwezi Julai, miaka minne iliyopita, mama mmoja wa Ngamiani alitusubiri mlangoni mwa kanisa baada ya kipindi cha akina mama. Mkononi alishika simu yenye matokeo ya kidato cha sita ya binti yake: Biolojia C, Kemia D, Fizikia D. Alikuwa akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa na wasiwasi.

"Dada, amefaulu," alisema. "Baba yake anataka kiwanja chetu cha Pongwe kiuzwe, mtoto aende chuo cha kulipia akasomee udaktari mwaka huu huu. Wewe ni mtu wa hospitali, unasemaje?"

Tulimwuliza jambo moja tu: "Binti mwenyewe anasemaje?"

Mama alinyamaza kidogo. "Yuko JKT, hana simu. Tutamwambia akitoka."

Mama mpendwa, sisi wauguzi huulizwa swali hili kila mwaka matokeo yanapotoka. Aombe sasa au angoje? Arudie mtihani? Aanzie chini kwanza? Kwa kuwa jibu la haraka limeziumiza nyumba nyingi, tumeona yafaa tulizungumze mwezi huu bila kufichana.

Safari ya miaka sita

Kwanza tuijue safari yenyewe. Katika nchi kama Marekani kijana huchukua shahada nyingine kwanza, ndipo aombe kusomea udaktari. Kwetu sivyo. Kijana hutoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari, ambayo ni miaka 5. Baada ya hapo hufanya mwaka 1 wa utarajali hospitalini, akisimamiwa na madaktari wenye uzoefu, kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari. Kwa hiyo binti anayeanza akiwa na miaka 20 atasimama kwa miguu yake akiwa na miaka 26. Akitaka kuwa bingwa wa watoto au wa akina mama, aongeze mitatu au zaidi.

Vyuo vipo. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili cha sayansi za afya. Ipo KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza, ambazo ni hospitali zilizoanzishwa na makanisa. Wapo pia Kairuki jijini Dar es Salaam, na vyuo vya Dodoma, Mbeya na Ifakara. Kwa sisi wa Tanga, njia ya karibu ni ya Moshi au ya Dar es Salaam.

Lakini mlango wa vyuo hivyo huanza kufunguka au kufungwa mtoto akiwa kidato cha nne. Anayetoka kidato cha sita na kutaka kuwa daktari lazima awe amesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Tumewaona wazazi waliofurahi binti kuchaguliwa CBG, wakidhani Biolojia na Kemia zinatosha. Miaka miwili baadaye wakaambiwa hakuna udaktari bila Fizikia. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa kidato cha nne, swali la lini limekwisha kufika nyumbani kwako.

Julai haimsubiri mtu

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Mwezi Juni wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimama mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Wengine hupangiwa karibu, kama Maramba hapa Mkinga, na wengine hupelekwa mikoa ya mbali. Matokeo hutoka Julai, na siku chache baadaye Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hufungua dirisha la udahili. Dirisha la mikopo nalo huwa limefunguliwa au li karibu. Yote haya hutokea wakati mtoto yuko kambini anakimbia mchakamchaka!

Zamani kidogo, kuanzia mwaka 2010, maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 kila mwombaji huomba chuoni moja kwa moja, na kila chuo kina fomu yake katika mtandao na ada yake ya maombi. Kwa hiyo, kabla mtoto hajapanda basi kwenda kambini, kaa naye mezani. Andika kwenye daftari namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, anwani yake ya barua pepe, maneno yake ya siri, na majina ya vyuo anavyovitaka kwa mpangilio wake yeye. Daftari hilo liweke panapowekwa hati za nyumba.

Halafu kitazame cheti chake cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA, na kwa walioandikishwa Zanzibar, na wakala wa huko. Majina ya cheti yafanane na yale ya shuleni. Hapa kwetu pwani mtoto huweza kuandikwa Elizabeti kliniki, Elizabeth shuleni na Eliza kwenye ubatizo, wala hakuna anayejali hadi siku karatasi zinapohitajika.

Tunamjua binti mmoja wa Makorora aliyepata alama nzuri na kuchaguliwa udaktari katika awamu ya kwanza. Cheti chake kilikuwa na jina la babu, cha shule kilikuwa na jina la ukoo. Wazazi walianza kukihangaikia Agosti. Dirisha la mkopo likafungwa, ada haikupatikana, nafasi ikapita. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza maandazi. Alama hazikumwangusha mtoto yule. Karatasi ndiyo iliyomwangusha, na karatasi ni kazi yetu wazazi.

Alama nzuri zisicheleweshwe

Akina mama, tuseme pia na hili. Mtoto aliyefaulu vizuri, mwenye nia na mwenye karatasi kamili, aombe mwaka huo huo. Msimwambie apumzike kwanza. Masomo ya sayansi husahaulika upesi, na nyumbani kuna mengi ya kumvuta binti. Mara shangazi mgonjwa wa kuuguza, mara duka la kukaa, mara mchumba anayebisha hodi.

Wapo wanaosema miaka sita itamzeesha binti nyumbani. Tuwakumbuke waliotutangulia. Profesa Esther Mwaikambo alikwenda Moscow kusomea udaktari katika miaka ya 1960, wakati msichana wa Kitanzania kuwa daktari lilikuwa jambo la ajabu. Akarudi kuwatibu watoto wa nchi hii, na ni mmoja wa waliokianzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987. Miaka sita itapita tu, binti awe chuoni au awe jikoni.

Alama za kuponea

Sasa turudi kwa mama wa Ngamiani. Kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Binti yake alikuwa na pointi 7. Mwongozo wa TCU wa kila mwaka hutaja kiwango cha chini cha kuomba, na wazazi wengi wakikiona hicho hushangilia. Lakini kiwango cha chini ni ruhusa ya kupiga foleni tu. Mbele ya mtoto wako wamesimama wenye A na B, na viti vya vyuo vya serikali ni vichache.

Tulimshauri amwombee binti kwenye vyuo viwili vya serikali kwa namba alizoziacha, kwa kuwa hasara ilikuwa ada ya maombi tu. Kiwanja kisiguswe hadi binti arudi. Baba hakufurahi. Alisema tunamchelewesha mtoto. Mama alisimama imara, ingawa tunajua halikuwa jambo jepesi kwake.

Awamu ya kwanza ikatoka, hakuchaguliwa. Binti akatoka JKT, amekonda na kuungua jua, akaketishwa sebuleni na wazazi wote wawili. Mama alitusimulia maneno yake: "Mama, udaktari nautaka tangu darasa la tano. Lakini Fizikia ilinishinda, na ninyi mnajua. Mkiuza kiwanja halafu nikafeli mwaka wa pili, nitawatazama vipi?"

Baba aliinamisha kichwa. Hakuwa amewahi kumwuliza.

Mlango wa afisa tabibu

Njia tatu zilikuwa mbele yao. Ya kwanza ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea Mei inayofuata. Hii humfaa mtoto aliyekosa kidogo kwa sababu inayojulikana, kama ugonjwa au msiba, na mwenye mahali pa kufanyia mazoezi ya maabara. Usajili wake hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo asingoje Krismasi ipite. Ya pili ni chuo cha kulipia, ambako ada ni mamilioni ya shilingi kila mwaka kwa miaka mitano. Ya tatu ni diploma ya utabibu.

Diploma hiyo ni miaka 3, na humpokea hata aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Akimaliza ni afisa tabibu, yule anayekutibu katika zahanati nyingi za vijijini. Zamani afisa tabibu aliyetaka kupanda alisomea Daktari Msaidizi, na mafunzo hayo yalikuwapo hapa hapa Tanga mjini. Siku hizi njia ya kupanda ni kuomba shahada ya udaktari chuo kikuu. TCU hutaka diploma yenye wastani usiopungua B, yaani GPA ya 3.0, na huangalia pia matokeo yake ya kidato cha nne. Kuhusu fedha, tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa diploma, lakini kwa baadhi ya fani tu. Usome mwongozo wa mwaka husika kabla hujaweka tumaini hapo.

Wengine hudharau njia hii. Sisi tuliokaa wodini tumeona jambo. Daktari aliyepitia uafisa tabibu hufika chuoni akiwa amekwisha kumshika mgonjwa. Ameona mtoto wa degedege saa nane usiku, ameona mama akimpoteza kichanga. Anajua anachokiomba.

Nani hasa anayetaka?

Hapa hatuna budi kuungama. Miaka kadhaa nyuma tulimsukuma kijana wa ndugu yetu aombe udaktari mara tu alipomaliza shule. Alama alikuwa nazo. Yeye alipenda umeme, alikuwa akifungua redio zote za mtaani na kuzirudisha zikiimba. Sisi tuliona fahari kuwa na daktari katika ukoo, tukamwambia umeme ataupenda wakati wa likizo. Mwaka wa pili akadisko, kama vijana wanavyosema. Miaka miwili ilipotea, na mkopo unaendelea kumdai, maana mkopo wa Bodi hulipwa hata na asiyemaliza. Leo ni fundi mzuri, anacheka nasi, lakini kila tukimwona moyo hutuuma. Tuliulizana lini ataomba, hatukumwuliza kama anataka.

Njia ya kujua ni rahisi. Kabla ya kidato cha tano, mtafutie mtoto nafasi ya kuona kazi ilivyo. Kama kanisa lenu huwatembelea wagonjwa, mwende naye, akasalimie na kuwachotea maji. Aone damu, anuse dawa, asikie kilio. Mmoja atarudi ameshika tumbo na kusema basi. Mwingine atauliza, "Mama, tutarudi lini?" Hapo umepata jibu ambalo hakuna mwongozo unaoweza kukupa.

Kuhesabu gharama

Bwana Yesu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu kama anacho cha kumalizia (Luka 14:28). Hakumkataza mtu kujenga. Alimtaka aketi kwanza. Nyumba nyingi huanza kujenga zikiwa zimesimama, tena zikiwa zinatazama jirani amefikia tofali la ngapi.

Basi, mama, keti na mwanao na baba yake. Ikiwa nia ni ya mtoto, alama zinatosha kushindana, na fedha ya mwaka wa kwanza inaonekana, mwombeeni Julai hii bila kuogopa. Kikikosekana kimoja, ngojeni, lakini kungoja kuwe na kazi ndani yake. Mwaka wa kurudia mtihani ni kazi, diploma ni kazi, kukitengeneza cheti ni kazi. Kungoja kwa kukaa tu ndiko kunakoua nia ya kijana.

Yule binti wa Ngamiani alichagua diploma ya utabibu. Baba alilipa ada kwa machungwa ya shamba lao la Muheza, msimu baada ya msimu, na mama akaongezea kwa vitenge. Alimaliza kwa alama nzuri, na sasa anafanya kazi kwa mkataba katika zahanati moja ya wilaya ya Mkinga. Majuzi alikuja kanisani, akatuuliza kama dirisha la TCU likifunguliwa aombe Muhimbili kwanza au KCMC.

Tulimwuliza yeye anasemaje. Akacheka, akafungua mkoba, akatoa daftari. Vyuo vyote vilikuwa vimekwisha kuandikwa kwa mpangilio, na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa imebanwa ukurasa wa kwanza.

Na kiwanja cha Pongwe kipo. Mama amepanda mihogo.