Chura aliyeumia: tumfuge ao tumrudishe majini?

Wakati wa mvua vyura wanajaa huku kwetu Kabambare: katika mashamba ya mpunga, kando ya mito, na pale tunapoloweka mihogo. Jembe linawakata, pikipiki zinawakanyaga. Kisha mtoto anafika nyumbani na chura mkononi, mguu unatoka damu, anauliza: "Mama, tumfuge?"

Mama amechoka na moto haujawaka. Wengi wetu tunajibu, "Tupa huko!" Sisi walimu tunaomba tungoje kidogo. Mtoto anayemhurumia chura leo, kesho atamhurumia mdogo wake ao jirani mgonjwa. Huruma hiyo tusiitupe pamoja na chura. Lakini kumhurumia si kumfuga.

Sababu ni hizi. Chura hanywi maji kwa kinywa. Anayavuta kwa ngozi, na kwa ngozi ileile anapata sehemu ya pumzi yake. Kwa hiyo chumvi, majivu, sabuni ao dawa ya kidonda tunayompaka inaweza kumuua. Tena hali bugali wala wali. Anakamata vitu hai vinavyotembea: panzi, nyenje, kumbikumbi. Nani atamtafutia kila siku? Mtoto akisahau, chura atakufa na njaa ndani ya beseni.

Sisi nasi tuna hatari yetu. Chura anaweza kubeba vijidudu vya salmonela hata akionekana mzima. Vinaleta kuhara na homa, na watoto walio chini ya miaka 5 ndio wanaoumia zaidi. Na yule chura mkubwa wa nchi kavu, mwenye ngozi ya vipele, ana sumu nyeupe kama maziwa nyuma ya macho. Ikiingia katika jicho la mtoto, tulioshe kwa maji safi mengi na tumpeleke kwenye kituo cha afya.

Basi tufanye hivi. Tumshike chura kwa jani lililolowa, tumwoshe kwa maji ya mvua ao ya mto. Tumweke ndani ya chombo kikuukuu kisichopikiwa wala kuliwa, chenye majani mabichi yenye maji, kivulini, mbali na kuku. Kama kidonda ni kidogo na anaruka, jioni ileile mtoto na mkubwa wamrudishe pale alipookotwa. Kama amepondwa ao matumbo yametoka, hatapona. Mkubwa amalize mateso yake kwa pigo moja, mbali na macho ya mtoto, kisha amwambie mtoto ukweli. Tusimdanganye kwamba amekimbia.

Mtoto akipenda vyura, awatazame pale wanapoishi: wanalia saa ngapi, wanataga mayai wapi. Ni kazi ya wakubwa pia. Katika milima ya Itombwe, kaskazini-mashariki yetu, watafiti Eli Greenbaum na Chifundera Kusamba waliwatafuta vyura kwenye mito na majani, na mwaka 2012 waliandika kuhusu aina 4 zilizoonekana tena baada ya miaka mingi.

Wakitoka mtoni, wote wanawe mikono kwa sabuni. Ndipo bugali iletwe.