Mapovu Yanayotoboa Chuma

Mwaka 1894 mhandisi Mwingereza Charles Parsons aliishusha majini Turbinia, chombo cha kwanza duniani kuendeshwa kwa turbaini ya mvuke. Nguvu ilikuwepo, mwendo haukuja. Pangaboi ilizunguka kwa kasi hata maji yakachanika na kuwa mapovu matupu. Parsons alihangaika, akajenga tangi dogo la majaribio, mwishowe akafunga pangaboi tisa kwenye mihimili mitatu. Mwaka 1897, mbele ya manowari za Malkia Victoria, Turbinia ilizikimbia boti za doria kwa zaidi ya noti 30.

Mwendo ulipatikana, mapovu hayakuisha. Wahandisi huliita tukio hili kavitesheni. Shinikizo la maji likipungua sana, maji huchemka hata yakiwa baridi. Povu likisukumwa tena penye shinikizo kubwa, hubomoka ghafla. Likibomokea jirani na chuma, maji ya upande wa pili hulipasua katikati na kuchapa uso wa chuma kwa mchirizi mwembamba, ambao kasi yake yaweza kupita mita 100 kwa sekunde.

Pigo moja si kitu: kibonyeo cha mikromita chache tu. Lakini mapigo ni mamilioni. Chuma hukakamaa, hupata nyufa, kisha chembe zake hung'oka moja moja mpaka uso uliokuwa laini ufanane na tumbawe.

Kutu nayo haikai kando. Chuma cha pua kisichoshika kutu hulindwa na utando wa oksidi ya kromiamu wenye unene wa nanomita chache, ambao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Mapovu hayaupi nafasi. Chumvi ya bahari hukikuta chuma kikiwa uchi, hukichimba, na vishimo hivyo hugeuka vitalu vya mapovu mapya. Vikishirikiana, mapovu na kutu huharibu zaidi kuliko jumla ya kazi ya kila mmoja peke yake.

Si lazima uende baharini kuyaona hayo. Katika injini ya dizeli ya lori, pistoni hugonga laina, yaani bomba la chuma inamotembea, laina ikatetema, na maji ya kupoza (kulenti) yanayoizunguka yakatoa mapovu. Fundi akiichomoa hukuta vitundu vimejipanga upande mmoja. Kimoja kikipenya, maji huingia kwenye oili. Kulenti ina dawa za kuijengea laina utando, na mfuniko wa rejeta hushikilia shinikizo ili mapovu yasizaliwe kirahisi. Dereva anayejazia maji ya bomba na kuvumilia mfuniko uliolegea ameondoa kinga zote mbili.