Kwa nini nobu inaruka? Kontrola, makro na sinthesaiza ya kwenye laptopu

Hebu fikiria uko ukumbini Kilwa Masoko, usiku wa harusi. Kijana wa midundo kaweka laptopu juu ya meza ya plastiki, na pembeni yake kontrola: kinanda kidogo chenye nobu nane, yaani vile vitufe vya kuzungusha. Sauti ya sinthesaiza imefunikwa kidogo, anataka kuifungua polepole wakati bi harusi anaingia. Anagusa nobu. Badala ya kufunguka taratibu, sauti inafyatuka yote kwa mkupuo, spika zinapiga yowe, akina mama wa mstari wa mbele wanaziba masikio. Kesho yake mtaani watasema kijana hajui kazi, na harusi ijayo atapewa mwingine.

Kazi anaijua. Kilichotokea kina maelezo ya kisayansi, na ukiyafahamu unaweza kukizuia bila kununua kifaa kipya.

Tuanze na kinachopita kwenye waya. Kontrola haitoi sauti hata chembe, inatuma namba tu. Lugha ya namba hizo ni MIDI, iliyotoka mwaka 1983, na vifaa vingi unavyovikuta madukani bado vinaizungumza vilevile. Ukizungusha nobu, unatoka ujumbe wa baiti tatu: ya kwanza inataja aina ya ujumbe na chaneli, ya pili namba ya kidhibiti, ya tatu thamani, kuanzia 0 hadi 127. Namba 7 kwa desturi ni ukubwa wa sauti, 64 ni pedali ya kushikilia noti, 74 ni ung'avu wa sauti. Ujumbe hausemi hertz wala desibeli. Unasema tu "kidhibiti namba 74 kiko 63". Maana ya hiyo 63 inatolewa na programu upande wa pili, na hapo ndipo balaa inapoanzia.

Sasa, kwa nini inaruka? Nobu ya kawaida ina mwanzo na mwisho, na haijui skrini inasema nini. Jana uliiacha kwenye 20. Leo umefungua sauti nyingine, na filta kwenye skrini iko 100. Ukiigusa kidogo tu inatuma 21, na programu kwa utiifu wote inashuka kutoka 100 hadi 21 papo hapo. Ukumbini ilikuwa kinyume chake: nobu iko juu, skrini iko chini. Hali moja imehifadhiwa sehemu mbili, na sehemu hizo hazijasalimiana.

Linganisha na kanuni, ala ya taarab ya Unguja yenye nyuzi nyingi unayoiona mapajani mwa wapigaji kama Rajab Suleiman. Pembeni mwa nyuzi kuna vijiti vidogo vya chuma ambavyo mpigaji anavigeuza kwa mkono wa kushoto ili kupandisha au kushusha noti kidogo. Kijiti kilivyokaa ndivyo uzi ulivyo, hakuna skrini inayobisha. Sinthesaiza za zamani za vifaa halisi nazo ziliishi hivyohivyo, mpaka zilipoanza kuweka sauti kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo tusiilaumu laptopu peke yake.

Dawa zipo. Programu nyingi za kutengenezea muziki, zikiwemo Ableton Live na FL Studio, zina mpangilio wa "kupokea" ambao kwa Kiingereza huandikwa Pickup: nobu haifanyi kitu mpaka ipite pale thamani ya skrini ilipo, ndipo inaishika na kwenda nayo. Ni salama, lakini inaudhi, maana unazungusha na husikii kitu, unadhani waya umechomoka. Njia nyingine hupunguza mwendo wa nobu kwa uwiano, ili nobu na skrini vikutane mwisho wa njia. Mimi kwa harusi ningechagua kupokea, bila kufikiri mara mbili. Ukimya wa nusu sekunde hakuna atakayeugundua.

Zipo pia nobu zisizo na mwisho, zinazozunguka milele. Hizi hazitumi mahali zilipo, zinatuma hatua: nenda mbele moja, rudi nyuma moja. Wazo zuri sana, ila watengenezaji hawakukubaliana jinsi ya kuandika "rudi nyuma moja". Wengine mbele ni 1 na nyuma ni 127. Wengine mbele ni 65 na nyuma ni 63. Programu ikidhani hizo ni thamani za kawaida, unapata kichekesho: ukizungusha kulia filta inajifunga hadi 1, ukizungusha kushoto inafunguka hadi 127, katikati hakuna kitu. Ukiona hivyo usiirudishe dukani. Tafuta kwenye mipangilio aina ya nobu "ya hatua" na ujaribu moja baada ya nyingine mpaka itulie.

Turudi kwenye zile hatua 128, maana hapa kuna hesabu tamu. Filta ya sinthesaiza kwa kawaida hutembea kutoka Hz 20 hadi Hz 20,000. Sikio linasikia kwa uwiano: kila mara masafa yanapojirudia mara mbili tunasikia oktavu moja. Kutoka 20 hadi 20,000 ni kama oktavu 10, na kila oktavu ina nusu sauti 12, jumla 120. Gawanya kwa hatua 127 za nobu: kila hatua inakaribia nusu sauti nzima! Ndiyo maana ukifungua filta inayopiga mluzi unasikia ngazi, tik-tik-tik, badala ya mteremko laini. Programu nzuri hulainisha, yaani hutembea polepole kati ya hatua moja na nyingine. Ikilainisha kupita kiasi, sauti inauchelewa mkono wako.

Na hapo programu imekuwa na akili ya kugawa kwa uwiano. Ikigawa kwa Hz sawasawa, kila hatua ni kama Hz 157. Hatua ya kwanza inakutoa 20 hadi 177, zaidi ya oktavu tatu kwa mguso mmoja, wakati huku juu hatua ileile haisikiki kabisa. Nobu inaonekana "haifanyi kazi" kwa sehemu kubwa ya mzunguko, halafu chini kabisa inapasuka.

Kuna adui mwingine ambaye vitabu vya maelekezo havimtaji: hewa ya bahari. Ndani ya nobu ya kawaida kuna kipande kinachoteleza juu ya njia ya kaboni. Chumvi, vumbi na unyevu wa pwani yetu, Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, vikiingia humo mguso unakuwa wa mashaka. Nobu haijaguswa, lakini inatuma 63, 64, 63, 64 usiku kucha. Kazi yangu ya kila siku ni vitambuzi vya kupima kina cha maji, na ugonjwa huu naujua vizuri: ukisimama mpakani mwa namba mbili, chembe ya kelele inakusukuma huku na huku. Tiba ya kiprogramu ni kupuuza mabadiliko madogo mpaka yavuke kiasi fulani. Tiba ya mkono ni dawa ya kusafishia viungo vya umeme, au fundi redio akubadilishie kile kipande. Akikubadilishia, mwombe cha mstari ulionyooka, ambacho aghalabu huandikwa herufi B. Cha amplifaya cha kupandishia sauti, herufi A, kina mkunjo wake, na kitakurudisha kwenye shida ya aya iliyotangulia.

Lakini malalamiko makubwa ninayoyasikia kwa maprodyuza ni haya: "Nilioanisha nobu zote, nimefungua kazi kwenye kompyuta ya jamaa, hakuna hata moja inayofanya kazi." Ni kwa sababu uoanishaji unaweza kuishi sehemu tatu tofauti. Kontrola yenyewe inajua kila nobu inatuma namba gani. Programu kuu inajua namba hiyo iende wapi. Na sinthesaiza, ile plagini, mara nyingi nayo ina daftari lake. Kazi yako ikisafiri kwenye fleshi inabeba ukurasa mmoja tu kati ya hizo tatu. Mbaya zaidi ni pale programu kuu na plagini zote mbili zinapoisikiliza nobu moja: zinavutana, na sauti inatetemeka bila sababu unayoiona.

Plagini za mtindo wa zamani wa VST zilitambua vidhibiti kwa mpangilio wa foleni: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mtengenezaji akichomeka kidhibiti kipya katikati, wote walio nyuma wanasogea, na nobu yako ya filta asubuhi inaamka imekuwa nobu ya mwangwi. VST3 ilikipa kila kidhibiti kitambulisho chake, kama namba ya NIDA ukipenda, hata foleni ikipanguliwa hakipotei.

Hapa ndipo makro inapoingia. Makro ni nobu moja ndani ya sinthesaiza inayosukuma vitu vingi kwa pamoja. Vital, ambayo ina toleo la bure, inazo nne. Surge XT, ya bure kabisa, inazo nane. Kuielewa, mfikirie mpiga zumari kwenye ngoma. Akipuliza kwa nguvu zaidi, sauti haiongezeki ukubwa peke yake: inang'aa, inakwaruza kidogo, na noti inataka kupanda. Pumzi moja, mabadiliko matatu au manne, kila kimoja kwa kiasi chake. Makro nzuri inaiga hilo: inafungua filta, inaongeza ukwaruzaji kidogo, inapunguza mwangwi.

Na ina faida isiyosemwa sana. Ukiiambia makro itembeze filta oktavu mbili tu badala ya kumi, zile hatua 127 zinagawana nusu sauti 24, yaani kila hatua ni chini ya moja ya tano ya nusu sauti. Ngazi zimepotea, na kontrola ni ileile ya bei poa. Zaidi ya hayo, nobu ikiwa imegeuzwa hadi mwisho haiwezi tena kupasua spika, kwa sababu kikomo umekiweka wewe ukiwa nyumbani, umetulia.

Kinachoudhi ni kwamba hakuna makubaliano. Sauti hii makro ya 1 ni ung'avu, inayofuata makro ya 1 ni mwangwi. Oanisha nobu za kontrola na makro mara moja, halafu kaa jioni moja upange upya sauti kumi unazozitumia kweli: ya 1 daima ung'avu, ya 2 daima mwangwi. Inachosha, sikufichi.

Kwa wanaopiga taarab kuna mtego wa ziada. Robo sauti za maqam nyingi hutafutwa kwa gurudumu la kupinda noti. Gurudumu hilo lina thamani 16,384, nusu yake, 8,192, kwa kila upande. Kama sinthesaiza imewekwa kupinda nusu sauti mbili, robo sauti ni 2,048. Tuma 2,048 hiyohiyo kwenye sinthesaiza iliyowekwa kupinda oktavu nzima, na noti inasogea nusu sauti tatu. Tena inapinda noti zote za chaneli hiyo, si ile moja uliyoikusudia. Surge XT na Vital zinapokea mafaili ya skeli, ambako unaandika umbali wa kila noti mara moja na kuliacha gurudumu lifanye kazi yake ya kupamba.

MIDI 2.0 ilipitishwa Januari 2020. Thamani zake ni za biti 32 badala ya 7, na mazungumzo ni ya pande mbili: kontrola inaweza kuiuliza sinthesaiza ina vidhibiti gani na viko wapi kwa sasa. Kwa nadharia nobu isingeruka tena. Ila kontrola za mtumba zinazoshushwa na basi kutoka Dar ni za lugha ya 1983, na zitaendelea kuwa hivyo kwa muda. Kwa hiyo kabla ukumbi haujajaa, shusha sauti ya miksa hadi sifuri, zungusha kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja, uirudishe unapotaka ianzie, kisha tazama skrini kama imekufuata.