Mteremko Ndio Unaouma

Mkimbiaji wa Shinyanga aliyezoea njia za tambarare za Kambarage, akialikwa na rafiki kukimbia kwenye vilima vya Geita, huogopa kupanda. Kesho yake hugundua kuwa hofu aliielekeza kusikostahili. Mapaja yamekaza, kukaa na kuinuka ni kazi, na maumivu yametokana na ule mteremko aliouona kuwa mapumziko.

Kupanda kuna gharama yake. Mwaka 2002, mtafiti Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji wa milimani waliokimbia juu ya mashine iliyoinamishwa kwa viwango mbalimbali. Kwenye mwinuko wa mita 20 kwa kila mita 100, mwili ulitumia nishati takriban mara mbili na nusu ya ile ya tambarare kwa umbali uleule. Kwenye mteremko wa kiwango hichohicho, nishati ilishuka hadi karibu nusu. Ndiyo maana anayeshuka hupumua vizuri na kudhani mambo ni shwari.

Mapafu yanapopumzika, mapaja yanabeba mzigo. Kila mguu unapotua, misuli ya mbele ya paja huzuia goti lisikunjike ghafla, na huvuta huku yenyewe ikirefushwa, kama mikono ya mpakuzi anayeteremsha gunia la mpunga kutoka kwenye lori. Kazi ya namna hii haihitaji oksijeni nyingi. Mwaka 1952, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie waliunganisha baiskeli mbili huko Uingereza: mmoja akasukuma pedali, mwingine akazizuia. Aliyezuia alitumia oksijeni kidogo kuliko mwenzake, ingawa nguvu zao zilikuwa sawa.

Nafuu hiyo hulipwa baadaye. Nyuzi chache za misuli hubeba uzito mkubwa, baadhi huchanika kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, kisha huvimba. Maumivu hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, lakini hiyo huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi.

Mtanzania Juma Ikangaa aliijua vizuri njia ya miteremko na vilima. Alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Mwaka wa kwanza alizidiwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Mbio hizo huanza kwa mteremko mrefu, kisha vilima vya Newton humngojea mkimbiaji baada ya kilomita 25, wakati mapaja yamekwisha kupigwa.

Rafiki wa kukimbia naye anafaa nini kwenye vilima? Ni kipimo cha kasi. Kasi ikipita kiwango fulani, hewa ya ukaa huongezeka, pumzi huenda mbio na maneno hukatika. Waliopitia mchakamchaka shuleni wanaijua kanuni hii kwa vitendo: kundi likishindwa kuitikia wimbo, kasi imezidi. Kwa hiyo zungumzeni. Ukiweza kumaliza sentensi nzima mnapopanda, mwendo wenu ni wa kujenga ustahimilivu. Ukijibu neno mojamoja, punguza, au tembea bila aibu.

Wakati wa kushuka, kipimo hicho hakifai, maana pumzi itakudanganya. Piga hatua fupi, legeza magoti, usijiegemeze nyuma. Anza na mteremko mfupi: misuli iliyoumia kidogo mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata, na safari ya pili huuma kidogo kuliko ya kwanza. Kimbieni alfajiri kabla jua halijakaza, mbebe maji, na siku ya maumivu tembeeni tu. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, usisubiri maumivu yapoe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli iliyovunjika kupita kiasi inaweza kuharibu figo.